Onyo la Wiki Nne
Agosti 2016, kundi lililojiita Shadow Brokers lilitangaza kwenye Twitter kwamba limeiba silaha za kidijitali za majasusi wa Marekani. Wapo waliodhani ni porojo. Aprili 14, 2017 likazimwaga hadharani, na wataalamu wa usalama wa kompyuta wakazijadili mtandaoni waziwazi. Mei 12, kirusi cha WannaCry kikatumia mojawapo kufunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza. Wiki nne nzima! Tena dawa ya silaha hiyo, yaani sasisho la programu, Microsoft ilikwishaitoa tangu Machi. Basi serikali zinazotaka mitambo ya kunasa mazungumzo ya mitandaoni eti zipate onyo mapema, mitambo ambayo, tusidanganyane, hunasa na wakosoaji, ziulizwe kwanza: onyo likishafika, nani ofisini atasasisha hizo kompyuta?