Mtego wa Kamba na Mtego wa Waya

Haya ni maneno ya mzee mmoja wa Kilifi, aliyoyatoa mbele ya baraza la wakulima.



Nimeombwa niseme habari ya uwindaji wa wanyama wadogo, yaani paa, sungura, sange, kanga na kwale. Sitasema juu ya ndovu na faru, kwa kuwa habari zao husemwa kila siku. Mnyama mdogo hana wa kumlilia. Lakini ndiye aliyelisha nyumba zetu zamani, na ndiye anayewapeleka vijana wetu gerezani leo.

Mimi nilizaliwa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 1950, msitu ule ulikuwa umekwisha kutengwa na Serikali tangu mwaka 1943. Hata hivyo kila mtoto alijua kutega. Tulisokota kamba ya katani, tukapinda kijiti kibichi, na tanzi tukaliweka katika njia ya mnyama. Wakubwa walikwenda na mbwa, nyavu na mishale. Wasanye, ambao wenyewe hujiita Waata, walitushinda sote kwa ustadi wa kufuata nyayo.

Siku zile mambo matatu yalimlinda mnyama, ijapokuwa hapakuwa na mtu aliyeyaita ulinzi. Kwanza, watu walikuwa wachache. Pili, nyama ilikuwa ya chungu cha nyumbani. Chungu kikijaa, mtu alipumzika. Tatu, kamba ya katani huoza. Mtego uliosahauliwa haukudumu. Mvua na mchwa waliumaliza.

Wala nisifiche jambo moja. Sheria ya wakati wa ukoloni ilimpa ruhusa mwenye bunduki na leseni, naye mwenye mtego wa kamba alihesabiwa mwizi. Kwa hiyo wazee wetu waliona kuwa sheria ile ni ya watu wengine, na uchungu huo haujesha katika nyumba nyingi. Lakini mwezi wa Mei 1977 Serikali ya Kenya huru ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama, na hata leseni za matajiri zikafutwa.

Je, mambo yamekuwaje sasa? Mtego wa leo ni wa waya, na waya hauozi upesi. Mtegaji akiugua, au akisahau mahali alipotega, waya hubaki ukingoja. Kila apitaye hunaswa, mkubwa kwa mdogo, na nyama yake huoza bure. Usiku wako wanaowamulika paa kwa taa kali. Mnyama hupumbazwa na mwangaza, akasimama, akapigwa kwa rungu. Pikipiki hungoja njiani, na kabla ya alfajiri nyama imefika mjini. Chungu cha nyumbani hujaa, bali soko halijai kamwe.

Wanyama hawa hawawezi kustahimili soko. Sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, ambaye uzito wake ni kama nusu kilo tu, hapatikani mahali pengine po pote duniani ila katika pwani yetu ya Kenya, naye huzaa mtoto mmoja kwa uzazi. Paa nunga yuko Unguja na katika misitu michache ya pwani yetu, basi.

Tena iko hatari kwa mlaji. Nyama ya magendo haipiti kwa mkaguzi wala haina muhuri. Kimeta huwapata wanyama wa porini kama kinavyowapata ng'ombe, na humwua mtu pia.

Na sheria ni kali. Ile iliyotungwa mwaka 2013 iliweka faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, kwa mtu awindaye kwa chakula chake tu. Afanyaye biashara ya nyama hiyo aliwekewa faini isiyopungua shilingi 200,000, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Namjua mama mmoja ambaye mwanawe alifungwa kwa ajili ya paa wawili. Bei ya paa wale haikutosha hata nauli ya mama huyo kwenda kumtazama.

Haifai kumwambia mwenye njaa "acha" bila kumwonyesha njia nyingine. Huko Gede, tangu mwaka 1993, wakulima wa kando ya msitu wamefuga vipepeo, na mabuu yaliyokwisha kujifunga yakauzwa ng'ambo. Wengine wameweka mizinga ya nyuki. Sungura wa kufugwa huzaa watoto wengi kwa mara moja, naye hula majani ya shambani. Nyama yake ni halali mbele ya sheria. Na ninyi wazee mliojua njia za wanyama, elimu yenu bado ina kazi, kwa kuwa mitego iliyofichwa huonwa upesi na jicho lililowahi kutega.

Nawaomba jambo moja dogo. Ukiona waya porini usiupite. Waite walinzi wa msitu, uondolewe. Mimi nilitega kwa kamba, na wajukuu wangu bado wamemwona sange. Ninyi mnaotega kwa waya, wajukuu wenu watamwona wapi?