Nani Alikuchorea Ramani?

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha nne na wazazi wao, Likoni



Likoni, Kisauni na Changamwe nyumba za ghorofa zinapanda kila mwezi. Mnakumbuka Aprili 2016, jengo lililokuwa kando ya mto, mtaani Huruma, Nairobi, liliporomoka na kuua watu karibu 50. Ramani ni uhai.

Vijana, kazi hii yataka watu. Usanifu wa majengo husomwa Chuo Kikuu cha Nairobi na JKUAT, miaka mitano hadi sita. Hisabati na fizikia msizikimbie. Ukihitimu, bado hujawa msanifu: utafanya kazi chini ya mwenye uzoefu, ufanye mtihani wa bodi, ndipo usajiliwe.

Na kazi si kuchora nyumba tu. Wapo wanaokagua ramani serikalini, wanaosimamia ujenzi, wanaofundisha. Wapo wanaohifadhi majengo ya kale. Fort Jesus ilisanifiwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, ujenzi ukaanza 1593. Kuta zake za matumbawe, na za Mji wa Kale, zahitaji wana wa Mombasa wanaozijua.

Alama zisipotosha, usikate tamaa. Diploma ya ujenzi nayo ni mlango, na TUM iko hapa hapa Tudor.

Wazazi, kabla ya kumlipa anayewachorea, ulizeni kama amesajiliwa. Nanyi vijana, ulizeni walimu kabla ya kujaza fomu za KUCCPS.