Tuuulize Mwamba Kabla ya Kujenga

(Maneno yaliyotolewa mbele ya kamati za parokia, Masagati)



Tangu utotoni tumefundishwa kwamba mwenye busara hujenga juu ya mwamba. Leo tunaongeza swali: ni mwamba gani?

Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilinyesha Mlima Hanang, mkoani Manyara. Sehemu ya mlima ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Hanang ni volkano iliyozimika, wala siku ile haikulipuka. Maji yalitosha.

Volkano hujengeka kwa tabaka: lava ngumu, majivu, kisha lava tena. Majivu ni dhaifu, na lava ikipoa hupata nyufa. Mvuke na mvua za miaka mingi hugeuza hata jiwe kuwa udongo laini. Maji yakijaa ndani, udongo na mawe haviwezi tena kushikana, na mteremko hushindwa kujibeba. Mlima Meru nao ulimeguka upande wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Maziwa ya Momela yako juu ya kifusi hicho.

Sisi Masagati hatuna volkano. Miamba yetu ni ya kale zaidi, lakini nayo huoza kwa juu ikawa udongo. Maji ya mvua hupenya udongo huo, yakifika kwenye jiwe gumu hukwama, na hapo ndipo huteleza.

Hapa tunakiri kosa letu. Tulipopewa kiwanja cha darasa kando ya kijito, tulifurahi: ni tambarare, na maji yapo karibu. Tukauliza bei ya saruji na nauli ya lori. Mzee mmoja akatuuliza, "Wanangu, hayo mawe makubwa kiwanjani aliyaleta nani?" Hatukuwa na jibu. Yaliletwa na kijito chenyewe. Tambarare ile ni kifusi cha zamani, na kilichoshuka mara moja chaweza kushuka tena. Tumeomba kiwanja kingine.

Kwa hiyo, wanakamati, kabla ya kupokea kiwanja pandeni kwanza mlimani. Angalieni nyufa ardhini, miti iliyoinama, chemchemi mpya. Msichimbe chini ya mteremko, wala msikate miti iliyo juu yake. Kijito kikigeuka tope, au kikipungua ghafla huku mvua ikinyesha, watu wahame mara moja. Huenda kimezibwa huko juu.

Nanyi wafadhili, tunaomba mtuvumilie tukichelewa, na mtusaidie kumlipa mtaalamu wa miamba. Kazi yake haitaonekana kwenye picha ya uzinduzi, lakini watoto watasoma humo wakati wa masika bila hofu.