Ngumi Huanzia Kisiginoni
Mhadhara wa umma uliotolewa Shinyanga



Nimeombwa nizungumzie nguvu ya ndani katika mapigano ya Kichina, na najua wapo waliokuja kusikia siri. Siri sina. Ninayo hoja: nguvu hiyo ipo, ni ya mwili huu huu wa nyama na mifupa, inafundishika, na watu wa ukanda wetu wa dhahabu wana nusu yake tayari.

Anayepiga kwa mkono peke yake hupiga kwa uzito wa mkono. Walimu wa taijiquan, xingyiquan na baguazhang, mitindo ya Kichina ya nguvu ya ndani, hutaka kipigo kianzie chini: kisigino kisukume ardhi, nyonga izunguke, mgongo upokee, bega lilegee, ngumi iwe ya mwisho kupata habari. Kinachoharibu mpango huo ni misuli inayokaza kabla ya wakati wake. Ndiyo maana mwanafunzi husimamishwa kwanza, magoti yakiwa yamelegea kidogo, mikono ikiwa mbele ya kifua, dakika nyingi bila kurusha ngumi hata moja. Wang Xiangzhai, aliyeanzisha yiquan katika miaka ya 1920, alikufanya kusimama huko kuwa kiini cha mafunzo yake. Vijana huchoshwa nako upesi. Wanataka mateke ya kwenye filamu.

Maabara imesema nini? Mwaka 2010 Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha vipimo vya umeme wa misuli ya wapiganaji mahiri. Misuli ilikaza mara mbili: kipigo kilipoanza na kilipogusa. Katikati ililegea. Mkazo wa kwanza hurusha, ulegevu huacha kasi ipande, na mkazo wa pili huufanya mwili kuwa kitu kimoja, ili uzito wake uwe nyuma ya ngumi. Bruce Lee alipomrusha mtu nyuma kule Long Beach mwaka 1964 kwa ngumi iliyosafiri umbali wa inchi moja tu, mkono ulisafiri kidogo kweli, lakini miguu na nyonga vilikuwa kazini.

Sasa twende Nyarugusu, Geita, duarani, yaani ndani ya shimo la wachimbaji. Mmoja ameshika moko, yaani patasi ya chuma, mwenzake anapiga nyundo. Mgeni wa kazi hubana mpini tangu nyundo ikiwa juu mpaka chini, na mabega humwisha mapema. Mzoefu huinyanyua kwa miguu, huiacha ishuke, na hukaza vidole inapokaribia chuma, huku akitoa pumzi kwa mguno. Hakuna aliyemsomea McGill. Uchovu ndio uliomfundisha, na aliyeshika moko naye alimsaidia sana kujifunza shabaha! Mcheza bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, naye hufika huko kwa njia nyingine: ngoma humpa wakati, jembe hupanda na kushuka na mwili mzima, na anayekakamaa huonekana mara moja mbele ya watu.

Lakini nisiwapambe. Jiwe halikwepi. Nyundo ni nzito na ina njia ndefu ya kukusanya kasi, ngumi haina. Ile nusu ya pili, yaani kuipata nguvu hiyo kwa umbali mfupi, huku mpinzani akikusukuma, haiji kwa kuchimba. Inahitaji mwalimu na mwenza.

Naomba mnivumilie kwa jambo zito: si kila anayeahidi nguvu ni wa kuaminiwa. Mwaka 1900 wapiganaji wa Yihetuan kaskazini mwa China waliamini kuwa mazoezi na ibada vingewakinga na risasi. Walikufa kwa maelfu. Miaka mitano baadaye, kusini mwa nchi yetu, wapiganaji wa Maji Maji waliamini hivyo kuhusu maji ya dawa. Na hapa kwetu, Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua kijana mwenye ualbino kutoka Bukombe. Nyuma ya mauaji ya aina hiyo kulikuwa na waganga waliouza ahadi kwamba kiungo cha binadamu huvuta utajiri, na wachimbaji walitajwa miongoni mwa wateja. Kwa hiyo mwalimu anayedai kuangusha watu bila kuwagusa simwoni kama kichekesho. Katika ukanda huu ahadi ya nguvu isiyopimika ina wanunuzi.

Basi tupime. Karate ya Goju-ryu, iliyofika Dar es Salaam katika miaka ya 1970, ina mizizi Fuzhou, China, alikojifunza Kanryo Higaonna, mwalimu wa mwanzilishi wa mtindo huo, na zoezi lake la Sanchin ni la kusimama na kupumua. Napendekeza tuwalinganishe wachimbaji, wacheza bugobogobo na wanafunzi wa karate, kwa vifaa vya kupima msukumo wa miguu na umeme wa misuli. Wapimwe juu ya ardhi, kwenye hewa safi: vumbi la mawe la duarani huua mapafu, na pumzi ndiyo tunayoitafuta. Dau langu ni kwamba mcheza bugobogobo atamshinda mwanakarate kwa kulegea katikati ya pigo, na atashindwa vibaya kwenye ngumi ya umbali mfupi. Mchimbaji sijui nimweke wapi. Inategemea ameshika nyundo miaka mingapi, na mapafu yake yamebaki kiasi gani.