NYUMBA ZA KALE ZA MOMBASA NA MIKOKO YA MIKINDANI

Haya ni maneno ya hotuba iliyotungwa kwa ajili ya wakaaji wa Mikindani, Mombasa, juu ya kutengeneza na kuhifadhi nyumba za kale za mjini.



Mtu atokaye Mikindani asubuhi kwenda kisiwani hupita Changamwe, akavuka Makupa, na baada ya muda si mrefu akafika Mji wa Kale. Huko huona nyumba za mawe zenye kuta nene, milango ya nakshi, na roshani za mbao zitazamazo njia nyembamba. Baadhi ya nyumba hizo zimetunzwa vizuri. Nyingine lipu imebambuka, mvua inaingia darini, na miti imeota katika nyufa za ukuta.

Watu wengi wakaao ng'ambo ya kisiwa hupita hapo wakasema ya kuwa hayo ni mambo ya wenye nyumba, au ni mambo ya watalii. Makusudi ya hotuba hii ni kuonyesha ya kwamba sivyo. Nyumba zile zilijengwa kwa mawe ya pwani, kwa chokaa iliyochomwa, na kwa miti iliyokatwa katika mikoko ya mihori. Haziwezi kutengenezwa sawasawa ila kwa vitu hivyo hivyo, na kwa mikono ya mafundi wavijuao. Basi habari ya Mji wa Kale yamhusu mtu wa Mikindani, ambaye mikoko ya hori la Tudor iko karibu na mlango wake.

Nyumba ilivyojengwa

Ukuta wa nyumba ya kale ni wa mawe ya matumbawe, yaliyoungwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa mawe hayo hayo. Mafundi walipanga lundo la magogo, wakaweka mawe juu yake, wakayachoma mpaka yakalainika na kuwa meupe. Kisha yalitiwa maji, na chokaa ikaachwa wiki nyingi, pengine miezi, ili ikomae kabla ya kutumiwa. Ilikuwa kazi ya subira.

Juu ya kuta hizo zililazwa boriti za mikoko. Boriti nzuri ina unene wa kiasi cha sentimita 12, na urefu wake ufaao kubeba sakafu si mkubwa. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale, hata za matajiri, ni virefu lakini ni vyembamba, upana wake kiasi cha mita 2.5 au 3 tu. Mgeni hudhani ya kuwa wazee walipenda vyumba vyembamba. Kumbe ni mti wa mkoko uliopima chumba! Nyumba ya Lamu, ya Mombasa na ya Unguja zote zilipimwa na mti huo mmoja.

Dawa isiyofaa

Nyumba ya namna hii ina tabia yake, kama mwili wa mtu. Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na katika hewa ya bahari, pamoja na chumvi. Lipu ya chokaa huyaacha maji hayo yatoke polepole, na ukuta ukakauka. Lipu ikichakaa, hupigwa nyingine, na ukuta hubaki salama.

Siku hizi mwenye nyumba aonapo lipu imebambuka huita fundi, na fundi huja na saruji, ambayo wengi huiita simiti. Saruji ni kitu kizuri mahali pake, nayo hupatikana kwa urahisi katika kila duka. Lakini juu ya ukuta wa matumbawe hufanya kama kumfunika mgonjwa wa homa kwa turubai. Maji hubaki ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kulila jiwe. Ncha za boriti zilizomo ukutani hulowa, zikaoza pasipo mtu kuziona. Na ikiwa fundi ametia vyuma vya nondo, chumvi huvishika kutu, navyo huvimba na kupasua ukuta. Kwa miaka michache nyumba huonekana mpya. Kisha huanguka sehemu ambayo haikutazamiwa. Mwenye nyumba husema nyumba imezeeka, na kumbe imeuawa na matengenezo.

Mifano miwili

Wako wasemao ya kuwa jengo la kale likiisha haribika halifai tena. Hao na waitazame Ngome ya Mombasa, Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mtu wa Italia. Ilizingirwa na Waarabu wa Omani tangu mwaka 1696 mpaka ilipotekwa mwaka 1698. Kuanzia mwaka 1895 Waingereza waliifanya gereza, nayo ikabaki gereza mpaka mwaka 1958. Ndipo majengo ya gereza yalipoondolewa, kwa msaada wa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na mtaalamu James Kirkman akachimba na kuchunguza mambo ya kale yaliyomo. Mwaka 1960 ilifunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho. Mwaka 2011 iliandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia. Mahali palipokuwa pa minyororo leo huingia watoto wa shule pamoja na walimu wao.

Mfano wa pili ni wa huzuni. Unguja iko Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883. Mwaka 2012 sehemu ya jumba hilo ilianguka. Onyo lilikuwa limetolewa, lakini miaka ilipita kabla ya matengenezo makubwa kuanza. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kulitengeneza ikiwa inaendelea, upande mkubwa wa jumba ulianguka, na watu wawili wakafa. Jumba hilo lilikuwa na jina kubwa, tena limo ndani ya Mji Mkongwe ulioandikwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Jina halikulizuia kuanguka. Jengo halingoji mpaka fedha zipatikane.

Sheria na mwenye nyumba

Kwa Mombasa, mpango wa kuuhifadhi Mji wa Kale ulitolewa mwaka 1990, na ofisi ya hifadhi ikawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 nayo inalinda majengo ya namna hii. Mtu hawezi kubomoa nyumba ya kale, wala kuigeuza sura yake, bila kupata ruhusa kwanza.

Hapa hapana budi kusema kweli. Sheria humkataza mwenye nyumba kubomoa, lakini haimpi chokaa. Nyumba nyingi zimerithiwa na watu wengi, baba akaacha watoto, na watoto wakaacha wajukuu; mmoja yuko Mombasa, mwingine Nairobi, mwingine Maskati au London. Kodi wailipayo wapangaji ni ndogo, tena hugawanywa vipande vingi. Kila mrithi husema, "Na atengeneze mwenzangu." Wakati huohuo huja mtu mwenye fedha atakaye kujenga ghorofa sita mahali pale, na bei atoayo ni kubwa. Si haki kumlaumu mwenye nyumba peke yake, kama kwamba yeye hapendi urithi wa babu zake. Aliyeambiwa atunze kitu kwa faida ya watu wote, yafaa watu wote wamsaidie.

Hata hivyo, liko jambo ambalo warithi waweza kulifanya bila kungoja msaada. Kazi ya kwanza ni paa. Nyumba yenye paa zima na mifereji isiyoziba yaweza kukaa miaka mingi hata ikiwa kuta zake zimechakaa. Nyumba inayovuja hufa katika masika chache. Kazi ya pili ni kung'oa mmea wowote uotao ukutani ungali mdogo. Kazi ya tatu ni kutenga sehemu ya kodi kila mwaka, hata ikiwa ndogo, kabla ya kugawana. Methali isemayo, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," kwa watu wengine ni mfano wa maneno. Kwa mwenye nyumba katika Mji wa Kale ni hesabu ya fedha.

Mikindani ya kusini

Yafaa wakaaji wa Mikindani wa Mombasa wajue habari za wenzao wenye jina moja nao. Iko Mikindani nyingine, mji mdogo wa kale karibu na Mtwara, Tanzania. Huko Wajerumani walijenga boma mwaka 1895. Baadaye jengo hilo liliachwa likachakaa. Katika miaka ya 1990 chama cha msaada cha Uingereza kiitwacho Trade Aid kilianza kulitengeneza, kisha likafanywa hoteli, ambamo vijana wa hapo walifunzwa kazi za kuhudumia wageni.

Fundisho la boma lile ni hili: jengo la kale huishi kwa kupewa kazi. Nyumba itakiwayo kutazamwa tu huwa mzigo kwa mwenyewe. Nyumba yenye wapangaji, au duka, au darasa, au karakana ya seremala, huingiza fedha zinazoitengeneza.

Kazi iliyo mikononi mwa Mikindani

Sasa na turudi kwenye mikoko. Tangu mwaka 1982 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kupeleka miti ya mikoko nchi za ng'ambo, kwa sababu misitu ilikuwa ikiisha. Mikoko ya hori la Tudor, pamoja na ile ya Mikindani, imepata taabu zaidi kuliko mingi. Watu wameikata kwa kuni na kwa kujengea. Maji machafu ya mitaa yamemiminika ndani yake. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilileta matope mengi yakafunika mizizi, na miti mingi ikafa. Vikundi vya wananchi vimekuwa vikipanda miche, na kazi yao yastahili sifa.

Mtu apandaye mche wa mkoko leo huwaza samaki na kaa, na ufuo usiliwe na maji, naye huwaza vema. Na aongeze jambo la nne: anapanda boriti ya nyumba itakayotengenezwa na wajukuu. Mti huo hautakuwa boriti katika mwaka mmoja wala miwili. Kwa hivyo aukataye kabla ya wakati wake, na amwagaye taka juu ya mizizi yake, anauvunja Mji wa Kale akiwa mbali nao, bila kushika nyundo.

Tena mtaani wako vijana wengi waliojifunza uashi wa matofali na saruji. Wachache tu wajua kukomaza chokaa, kubadilisha boriti iliyooza bila kuubomoa ukuta, au kutengeneza roshani ya mbao. Mafundi wazee wenye elimu hiyo wanapungua kila mwaka. Kijana wa Mikindani akienda kwa mzee wa namna hiyo, akakubali kumchanganyia chokaa kwa msimu mmoja au miwili, atapata ufundi ambao washindani wake si wengi, na ambao kazi yake ingali ipo tangu Lamu mpaka Unguja.

Mzee akifa kabla hajafundisha, hata fedha zikipatikana, hapatakuwa na wa kupewa kazi. Haraka, basi, iko hapo. Fedha zaweza kuja mwakani. Fundi aliyezikwa harudi.