Kuziba Ufa: Nyumba ya Mawe Iliyoingia Maji

Kaeni vizuri, mchukue daftari na penseli. Leo tutasema habari ya nyumba za zamani za mawe, na habari ya adui yao mkubwa. Adui huyo ni maji.

Sote twaijua methali isemayo: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni methali ya kweli. Lakini leo nataka tuulize swali moja zaidi: Je, ufa huo utauziba kwa kitu gani? Maana mtu aweza kuziba ufa mapema, kwa fedha nyingi na kwa moyo mwema, na ukuta ukaanguka vilevile. Hilo ndilo somo letu.

NYUMBA HIZO ZIKO WAPI?

Tuanze kwa matembezi. Ukitoka sokoni Kariakoo, ukapita Mnazi Mmoja na kuelekea bandarini, utafika mahali ambapo Barabara ya Morogoro inakutana na Barabara ya Sokoine. Hapo pana jengo la kale lenye kuta nene na mlango wa mbao uliochongwa. Hilo ndilo Boma la Kale. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867, wakati Sultani Majid bin Said wa Unguja alipokuwa akiuanzisha mji wa Dar es Salaam. Katika miaka ya 2010 lilitengenezwa upya, likawekwa kituo cha kuonyesha habari za majengo ya mji wetu.

Boma hilo si peke yake. Nyumba ya Atiman, nayo ni ya miaka ya 1860. Tena katika mitaa ya katikati ya mji zimebaki nyumba za watu, nyingine zina maduka chini na familia juu. Nyingi zimekwisha kubomolewa ili kupisha maghorofa marefu. Zilizobaki ni chache, na kila masika zinanyeshewa.

ZIMEJENGWA KWA NINI?

Mafundi wa zamani walitumia vitu vya pwani. Mawe yao yalikuwa ya matumbawe. Waliyashikanisha kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga au udongo. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe kwa kuni nyingi. Sakafu za juu na paa zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti za Rufiji zilikuwa na sifa pwani yote. Ncha za boriti hizo ziliingizwa ndani ya ukuta. Likumbukeni neno hili la ncha za boriti, tutalirudia.

Ukuta wa namna hii una unene wa nusu mita au zaidi. Ukiutazama, wadhani ni mgumu kama mwamba. Lakini jiwe la tumbawe lina matundu madogo madogo mengi sana. Ukuta huu hunywa maji. Tena huyatoa.

Nitawapa mfano ambao kila mmoja anaujua. Fikirini mtungi wa udongo. Ukiutia maji, nje hutokwa na jasho. Upepo hulikausha jasho hilo, na maji ya ndani hubaki baridi. Sasa uchukue mtungi huohuo, uupake rangi ya mafuta nje pande zote. Je, utatoka jasho tena? Hautatoka. Maji yamefungiwa.

Ukuta wa mawe na chokaa ni kama mtungi. Masika hunywa, kiangazi hutoka jasho. Ndiyo sababu umesimama miaka mia na zaidi.

MAJI HUINGIA KWA NJIA GANI?

Maji yana njia tatu. Njia ya kwanza ni juu: bati lenye tundu, gata lililooza, au majani yaliyoziba bomba la maji ya mvua. Njia ya pili ni pembeni: mvua ya upepo inayopiga ufa, au bomba la choo linalovuja ndani ya ukuta. Njia ya tatu ni chini: maji ya ardhini hupanda ndani ya mawe, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi.

Mafuriko huleta njia hizi zote kwa siku moja. Wengi wenu mwakumbuka Desemba 2011. Mvua ilianza tarehe 20, nayo ilikuwa kubwa kuliko mvua yoyote tangu mwaka 1954. Mto Msimbazi ulifurika, Jangwani ikawa ziwa, na watu wapatao 40 walikufa mjini Dar es Salaam.

Lakini nyumba ya mawe haingoji Msimbazi ufurike ndipo iumie. Mtaro mmoja tu wa mtaa, ukijaa mifuko ya plastiki, watosha kuyasimamisha maji machafu mlangoni siku tatu. Katika siku hizo tatu msingi hunywa usiku na mchana.

KOSA LA KUPENDEZA

Sasa tuseme maji yamekwisha kupungua. Mwenye nyumba atazama ukuta. Lipu imevimba, rangi yabanduka, na chini pana alama ya maji hadi magotini. Wapangaji wataka kurudi. Mwenye nyumba amwita fundi, amwambia, “Fundi, nipigie lipu ya saruji, nzito, maji yasiingie tena.” Fundi ataka kazi. Huenda dukani Kariakoo, hununua mifuko ya saruji, na kwa siku nne ukuta wang'aa. Mwenye nyumba afurahi. Jirani naye afanya vivyo hivyo.

Lakini maji yako wapi? Yako ndani ya ukuta. Hayajatoka, na sasa hayana pa kutokea. Amepaka mtungi rangi ya mafuta.

Basi maji yakikosa njia mbele, hupanda juu. Alama iliyokuwa magotini, baada ya miaka michache yaonekana kiunoni, kisha kifuani. Maji hayo yamebeba chumvi ya ardhi na ya pwani. Penye ufa mdogo wa saruji maji hukauka, na chumvi hubaki, ikawa chembe ngumu. Chembe hizo hukua ndani ya matundu ya jiwe na kulipasua. Ndipo utaona unga mweupe ukutani, na ukigonga lipu wasikia sauti ya kitu kitupu. Saruji ingali nzima, lakini jiwe nyuma yake limekuwa unga.

Sasa tukumbuke zile ncha za boriti. Maji yakifika huko juu, mti unakaa katika unyevu mwaka mzima. Huoza kutoka ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki. Katikati ya chumba boriti ni nzuri, yapendeza. Siku moja familia imekaa juu, sakafu yashuka.

Sisemi kwamba saruji ni kitu kibaya. Nyumba ya matofali ya saruji hutengenezwa kwa saruji. Jengo la Soko la Kariakoo lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 ni la zege, na zege ndiyo mali yake. Lakini kila ukuta una dawa yake. Mtoto hapewi dawa ya ng'ombe.

TUFANYE NINI BASI?

Andikeni hatua hizi sita.

Hatua ya kwanza: Usiingie kwa haraka. Umeme uzimwe kwanza. Tazama kuta kutoka nje. Ukuta uliotokeza tumbo, au ufa mpya unaoingia kidole, ni hatari. Watu wote watoke, pamoja na walio juu. Aitwe fundi mwenye ujuzi, naye aweke miti ya kuegemeza kabla ya kazi yoyote.

Hatua ya pili: Ondoa tope lingali bichi. Likikauka huwa gumu kama tofali. Tumia maji safi kuosha, na uvae mipira ya mikono na viatu, kwa kuwa maji ya mtaro yana uchafu wa vyoo.

Hatua ya tatu: Tafuta chanzo cha maji, ukizibe. Panda juu utazame bati na gata. Zibua mtaro. Tazama mabomba. Usipofanya hivi, kazi nyingine zote ni bure.

Hatua ya nne: Bandua lipu ya saruji iliyolowa, hadi nusu mita juu ya alama ya maji. Tumia tindo na nyundo ndogo, polepole, usilivunje jiwe. Choma ncha za boriti kwa msumari mrefu, pale zinapoingia ukutani. Msumari ukiingia kama katika muhogo uliopikwa, boriti hiyo imekwisha. Weka nguzo ya kuishika, kisha ibadilishwe.

Hatua ya tano: Ngoja. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Fungua madirisha, upepo upite. Usiwashe moto mkali ili kuharakisha, maana ukuta ukikauka kwa ghafla hupasuka. Mafundi wa Ulaya hukadiria kwamba ukuta hutaka mwezi mmoja kwa kila inchi moja ya unene wake. Kwetu jua ni kali, lakini hewa ya pwani ina unyevu mwingi, basi usitegemee wiki mbili. Chumvi ikitokea nje, ifagie kwa brashi kavu, uitupe mbali. Usiioshe, kwa kuwa ukiiosha wairudisha ndani.

Hatua ya sita: Tengeneza kwa chokaa. Changanya sehemu moja ya chokaa na sehemu tatu za mchanga safi. Usichukue mchanga wa ufukweni, una chumvi. Lowesha ukuta kidogo, kisha piga lipu nyembamba, kiasi cha sentimita moja. Iache ishike, ndipo upige ya pili. Tundika magunia yenye maji mbele yake kwa siku kadhaa, jua lisiichome. Mwisho upake chokaa nyeupe, wala si rangi ya mafuta.

Nawaonya jambo moja. Chokaa iliyotoka kuchomwa, ikitiwa maji, huchemka na kuruka. Yaweza kupofusha macho. Vaa miwani ya kazi, na watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi mara moja, kisha nenda hospitali.

Kama nyumba imo katika majengo yanayolindwa na serikali, usibomoe wala usibadilishe kabla ya kuuliza Idara ya Mambo ya Kale. Tangu mwaka 1964 tuna sheria ya kulinda mambo ya kale.

JE, KAZI HII INA FAIDA?

Najua mtu mmoja hapo darasani ananung'unika. Asema, “Mwalimu, wewe wasema tungoje miezi. Nani atanilipa kodi miezi hiyo?” Swali lake ni la haki. Kungoja ni gharama, na mwenye nyumba si tajiri daima. Jibu langu ni hili: Anza na chumba kimoja. Zibua gata kabla ya masika, maana ngazi na mikono miwili ni rahisi kuliko ukuta mpya. Na mpangaji aambiwe ukweli, kwamba ukuta mbichi sasa ni afadhali kuliko sakafu itakayoanguka.

Kwa nini nasema hivi? Vuka bahari uende Unguja. Mji Mkongwe uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Ndani yake limo Jumba la Maajabu, Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Hakuna mtu asiyelijua. Lakini mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa zaidi ilianguka, wakati mafundi walipokuwa katika kazi ya kulitengeneza. Watu wawili walikufa. Ikiwa jumba lenye jina kama hilo laweza kuwaangukia watu, nyumba isiyo na jina katika mtaa wetu itasalimika kwa nini?

Ndugu zangu, jengo la zamani si mapambo ya watalii tu. Chini ya dari lake mtu amelala. Mwashi anayefanya kazi ndani yake naye ana watoto nyumbani. Kwa hiyo unaposhika mwiko mbele ya ukuta wa mawe, jiulize kwanza: Maji yanatoka wapi, nayo yatatokea wapi? Ukijua majibu mawili hayo, ndipo uzibe ufa.

Kwa sasa kwaherini. Someni tena somo hili pamoja, kila mtu asome fungu moja kwa sauti.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Kwa nini ukuta wa matumbawe umefananishwa na mtungi?
2. Taja njia tatu za maji kuingia katika nyumba.
3. Ncha za boriti huoza mahali gani, na kwa nini ni hatari?
4. Chumvi iliyotokea ukutani iondolewe namna gani?
5. Baada ya darasa, tembea katika mtaa wako. Tafuta gata moja au mtaro mmoja ulioziba. Andika sentensi tano kueleza maji yake yanakwenda wapi.