Dawa za Kuteremsha Mafuta ya Damu na Tahadhari Zake

(Maelezo kamili ya mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi)



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya dawa za kuteremsha mafuta ya damu, yaani kolesteroli, na khatari zinazoweza kumfika mwenye kuzitumia. Mimi si daktari. Kazi yangu ni habari. Lakini dawa hizi nazimeza mwenyewe, na kosa nililolifanya katika kuzitumia ndilo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Dawa zinazotumika zaidi ni za jamii iitwayo statini. Asili yake ni utafiti wa mtaalamu wa Kijapani, Akira Endo, ambaye katika miaka ya 1970 aligundua ndani ya kuvu kitu kinachozuia ini lisitengeneze kolesteroli kwa wingi. Mwaka 1987 lovastatini ikaruhusiwa kuuzwa nchini Marekani, na nyengine zikafuata. Kwa mtu aliyekwisha kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi, na kwa wengi wenye kisukari, dawa hizi hupunguza uwezekano wa kufikwa na maradhi hayo au kurudiwa nayo. Hilo nalitanguliza makusudi, maana barazani mwetu husikika habari za madhara peke yake.

Madhara nayo yapo, wala si busara kuyaficha. Mwaka 2001 statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni na watengenezaji wake baada ya kuripotiwa vifo 52 vilivyohusishwa nayo. Misuli ya wagonjwa ilivunjika, na mabaki yake yakaingia katika damu na kuyadhuru mafigo. Baadhi ya waliofariki walikuwa wakiitumia pamoja na dawa nyengine ya mafuta, jemfibrozili. Statini zilizobaki hufanya hivyo kwa nadra sana, lakini njia ya khatari ni ile ile: dawa mbili kukutana mwilini bila ya daktari kujua.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Nilikuwa natumia simvastatini, na hali yangu njema. Nikashikwa na vidonda vya tumbo, nikenda kwa mtabibu mwengine, akaniandikia dawa tatu, mojawapo ni klarithromaisini. Hakuniuliza natumia nini, nami sikumwambia. Nilidhani tumbo ni jambo moja na moyo ni jambo jengine. Haikupita wiki, mapaja yakaniuma hata kupanda ngazi za ofisi ikawa shida. Nikakumbuka maneno ya barazani, nikaitupa simvastatini bila ya kumuuliza mtu. Daktari wangu aliponipima damu alinieleza kwamba klarithromaisini huzuia ini lisiivunje simvastatini, ikajaa katika damu kama kwamba nimemeza vidonge vingi kwa pamoja. Kuisimamisha kwa siku zile, alisema, ilikuwa sawa. Kosa langu la pili lilikuwa kukaa miezi mitatu baada ya hapo bila ya dawa na bila ya kurudi kwake, hali yakuwa nilikwisha kupata kiharusi kidogo kabla. Mke wangu ndiye aliyenirudisha.

Khatari kama hiyo imo katika erithromaisini, katika baadhi ya dawa za fangasi za kumeza, mathalan itrakonazoli, na katika baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Aidha, limo tunda letu la balungi. Ndani yake mna kitu kinachozuia utumbo usiivunje simvastatini, na atorvastatini kwa kiasi fulani. Rosuvastatini na pravastatini hazina tatizo hilo. Mwenye bustani ya mabalungi, kama nilivyo mimi, na amuulize daktari juu ya statini inayomfaa.

Ishara za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo ni misuli kuuma sana au kulegea bila ya sababu, na mkojo kuwa mweusi mfano wa chai ya mkandaa. Macho yakigeuka manjano, ini lichunguzwe. Mama mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, amweleze daktari mapema, kwani walio wengi hutakiwa kuziacha kwa muda. Sukari nayo hupanda kidogo kwa baadhi ya watu, hasa waliokwisha kuukaribia ugonjwa wa kisukari. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 ulikadiria kwamba wakitibiwa watu 255 kwa miaka 4, mmoja zaidi hupata kisukari.

Lakini si kila maumivu ni ya dawa. Huko Uingereza, watu 60 walioziacha statini kwa sababu ya madhara walipewa, kwa miezi tafauti na bila ya kujua kipi ni kipi, vidonge vya statini na vidonge vitupu visivyo na dawa. Ipo pia miezi ambayo hawakumeza chochote. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: asilimia 90 ya dhiki waliyoipata kwa statini waliipata pia kwa kidonge kitupu. Dhiki yenyewe ilikuwa ya kweli. Walikuwa wanaumwa hasa. Baada ya kuonyeshwa hesabu hizo, nusu yao walirudi kuitumia dawa. Nami naungama kuwa baadhi ya maumivu yangu ya baadaye yalikuwa ya uzee.

Wengi wameniuliza kuhusu Ramadhani. Simvastatini humezwa usiku, kwani ini hutengeneza kolesteroli zaidi wakati huo. Basi mfungaji ameze baada ya futari au kabla ya kulala. Atorvastatini na rosuvastatini humezwa saa yoyote, hata wakati wa daku.

Kila aendaye kwa mtabibu, au dukani kununua dawa, achukue vidonge vyake vyote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na dawa za miti shamba, avioneshe. Mimi wangu ninao hapa. Daktari tuliyefuatana naye yuko tayari kwa maswali yenu.